Malezi, kufuli au jela? Wahafidhina wanasema nini hasa kuhusu uhalifu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sosholojia hapa Dodoma. Tumepewa kazi ya kujadili maelezo ya kihafidhina kuhusu chanzo na udhibiti wa uhalifu. Nilivyoelewa, wahafidhina wanasema uhalifu unatokana na malezi mabovu, dawa yake ni adhabu kali, na ushahidi ni jiji la New York. Nikiandika hivyo nitakuwa sahihi? Halafu mjomba wangu, askari polisi mstaafu, ananicheka. Anasema nadharia ni maneno tu, wao enzi zao walikuwa wakikamata wazururaji na mtaa unatulia. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukiandika hivyo utapata alama za kupita, lakini msahihishaji makini atakuuliza swali ambalo hutakuwa na jibu lake. Kama kijana ameharibika kwa malezi kiasi kwamba hawezi kuizuia nafsi yake wala kuifikiria wiki ijayo, kifungo cha miaka 30 kitamtishaje? Anayetishika na miaka 30 ni mtu anayepiga hesabu. Na anayeweza kupiga hesabu namna hiyo hakukosa akili wala kufundwa; kaona tu kwamba kuiba kunalipa.

Utamu wa mada yako uko hapo. Kinachoitwa maelezo ya kihafidhina ni angalau maelezo mawili, yamezoea kutembea pamoja kwa sababu za kisiasa zaidi kuliko za kitaaluma. La kwanza linamwona mhalifu kama mtu aliyekosa kulelewa akaleleka. La pili linamwona kama mtu wa kawaida, kama wewe na mimi, aliyekuta mlango uko wazi na mwenye nyumba hayupo. Mwanasiasa jukwaani anayachanganya bila kujali, maana anatafuta kura. Wewe unatafuta alama, kwa hiyo yatenganishe.

Tuanze na kinachoyaunganisha, kwa sababu ni hoja nzito na wanafunzi wengi huiruka. Katika miaka ya 1960 Marekani ilikuwa ikitajirika. Ajira zilikuwepo, na kuanzia 1964 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilitangaza vita dhidi ya umaskini na kuvimwagia fedha. Wasomi wengi walitarajia uhalifu upungue. Ukaongezeka. Mwaka 1960 waliuawa watu kama 5 katika kila 100,000. Kufika 1980 ni kama 10. James Q. Wilson, aliyekuwa akifundisha sayansi ya siasa Harvard, alilishika jambo hili mwaka 1975 na hakuliachia. Kwa maneno yangu, aliuliza: kama umaskini ndio mzizi, mbona mzizi ulikuwa ukinyauka huku mti ukinawiri?

Kisha akaongeza hoja ya pili, ambayo kwangu ndiyo muhimu zaidi. Tuseme mizizi ipo kweli, iwe ni umaskini, ubaguzi au kukosa mapenzi ya wazazi. Bado serikali haina mkono wa kuifikia. Hakuna waziri anayeweza kumwamuru baba ampende mtoto wake. Anachoweza waziri ni kuamua askari wasimame wapi, kesi zichukue muda gani, na nani akae ndani. Basi tuache kuulizana chanzo cha mbali, tushughulike na kile kilicho karibu na mkono. Ukiielewa hoja hii utaelewa kwa nini yeye na wenzake waliitwa wanauhalisia wa mrengo wa kulia, na kwa nini kizazi kizima cha wanasosholojia kiliudhika.

Sasa twende kwenye maelezo ya kwanza, la kufundwa.

Chimbuko lake kitaaluma ni Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, ambaye hakuwa mhafidhina wa chama chochote lakini alitoa silaha zote. Kwake binadamu ana tamaa zisizo na kikomo, na ni jamii tu inayozifunga kamba. Kamba zikilegea, iwe kwa mabadiliko ya ghafla ya uchumi au kwa dini na familia kupoteza nguvu, tamaa zinatoka. Alisema pia jambo linalowashtua wanafunzi kila mwaka: kwamba uhalifu ni wa kawaida katika kila jamii, na kwamba adhabu kazi yake kubwa si kumrekebisha mwizi bali ni kuwahakikishia wasioiba kwamba wako sahihi. Kumbuka sentensi hiyo unapoona umati unashangilia hukumu.

Aliyelichukua wazo hili na kulipima kwa takwimu ni Travis Hirschi, mwanasosholojia wa Marekani, 1969. Hirschi aligeuza swali. Kutamani cha mwenzio, alisema, hakuhitaji maelezo. Uhalifu ni njia ya mkato tu ya kupata unachotaka. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini wengi wetu hatuipiti njia hiyo. Jibu lake ni vifungo vinne: watu unaowapenda na usiotaka kuwaaibisha, yale uliyokwisha kuyawekeza maishani, kama masomo na kazi, usiyotaka kuyapoteza, shughuli zinazokula muda wako, na imani kwamba sheria inastahili kuheshimiwa. Aliwahoji wanafunzi zaidi ya 4,000 wa shule za sekondari karibu na San Francisco, wakajaza wenyewe mambo waliyoyafanya, kisha akalinganisha na kumbukumbu za shule na za polisi.

Soma matokeo yake kwa makini, maana hayako jinsi watu wanavyoyasimulia. Kipato cha wazazi kilikuwa na uhusiano mdogo sana na utundu wa vijana. Mtoto wa maskini anayempenda mama yake na kumsimulia aliko kwenda alikuwa salama kuliko mtoto wa tajiri asiyejali. Hapo wahafidhina walipiga makofi. Lakini kifungo cha tatu, cha kuwashughulisha vijana, kilionekana dhaifu kuliko Hirschi mwenyewe alivyotarajia. Kijana anaweza kucheza mpira kutwa nzima na bado akabaki na nusu saa ya kuvunja duka. Wabunge wetu wanaoamini kwamba kombe la mpira la jimbo linamaliza vibaka wangeisoma sura hiyo mara mbili.

Mapungufu yapo, na uyataje. Wasichana waliohojiwa aliwaweka kando katika uchambuzi, kitu ambacho leo hakipiti kamati yoyote. Na kwa kuwa mapenzi ya wazazi na utundu vilipimwa siku moja, hujui kipi kilitangulia: huenda mtoto aliyeanza kuiba ndiye aliyesababisha wazazi kumchoka.

Mwaka 1990 Hirschi na Michael Gottfredson walisogea mbele. Vifungo vinne vikapungua vikawa kimoja: uwezo wa kujizuia, unaojengwa kabla mtoto hajatimiza miaka kama 8 hivi, na wazazi wanaomwangalia, wanaoona alipokosea na wanaomrudi. Asiyejengewa uwezo huo ataiba, atalewa, ataendesha gari ovyo, ataacha kazi. Sasa angalia wanakoishia. Kama mambo yameshaamuliwa kabla ya darasa la pili au la tatu, basi kuongeza askari na miaka ya kifungo hakutasaidia sana, na kumfunga mtu wa miaka 40 ni kupoteza fedha, kwa sababu karibu kila mahali uhalifu hufikia kilele mwishoni mwa ujana kisha hushuka wenyewe. Waliandika hivyo waziwazi. Wahafidhina wa majukwaani wanawanukuu kurasa za mwanzo, za malezi, na ukurasa huo hawaufiki.

Charles Murray, mwandishi wa siasa wa Marekani, ndiye aliyelipa wazo la malezi ukali wake wa kisiasa. Mwaka 1984 alidai kwamba misaada ya serikali kwa maskini imewafanya maskini kuwa wengi zaidi, kwa kuwa inamwezesha mwanamke kuzaa bila mume na kijana kuishi bila kazi. Mwaka 1989 gazeti la The Sunday Times lilimwalika Uingereza, naye akatangaza kuona huko tabaka jipya likichipua, lenye alama tatu: watoto wa nje ya ndoa, uhalifu wa nguvu, na vijana wanaokataa kazi. Mvulana asiye na baba nyumbani, alisema, hana mtu wa kumfundisha uanaume wa kubeba majukumu, anajifundishia mtaani.

Wakosoaji wake wengi walimwita mbaguzi wa maskini wakaishia hapo. Huko si kumjibu. Jibu zuri lililetwa na miaka iliyofuata. Nchini Marekani watoto waliozaliwa nje ya ndoa walikuwa asilimia 28 ya wote mwaka 1990, wakafika takriban 41 mwaka 2009. Kwa nadharia ya Murray, mauaji yalipaswa kupanda. Yakashuka: kutoka 9.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991 hadi 5.5 mwaka 2000. Uingereza ni hivyo hivyo, uhalifu ulifika kilele katikati ya miaka ya 1990 ukaanza kuteremka wakati ndoa zinaendelea kupungua. Ona kinachotokea hapa: Wilson aliua hoja ya umaskini kwa kuonyesha kwamba uhalifu ulipanda umaskini ukishuka. Kwa kipimo hichohicho, hoja ya Murray nayo imekufa. Sidhani kwamba imekufa yote, maana kulelewa na mzazi mmoja aliyeelemewa kuna taabu zake, ila kama maelezo ya kwa nini uhalifu hupanda na kushuka nchi nzima haitoshi.

Na kuna wale ambao nadharia za malezi hazijui ziwaweke wapi. Bernard Madoff, mfanyabiashara wa fedha wa New York, alikuwa na mke, watoto, jina na heshima, vifungo vyote vinne vya Hirschi vimekaza, na mwaka 2009 alifungwa miaka 150 kwa utapeli uliodumu miongo. Wahafidhina wa uhalifu wameandika vitabu vingi kuhusu mtaani na vichache mno kuhusu ofisini.

Maelezo ya pili, la mlango wazi, lina historia tofauti kabisa. Limetoka kwa wachumi na maofisa wa serikali, watu wasiopenda mahubiri. Mwanauchumi Gary Becker alisimulia kwamba wazo lilimjia siku alipochelewa kwenda kusimamia mtihani. Alilazimika kuchagua kati ya kulipia maegesho na kuacha gari barabarani kinyume cha sheria. Akapima faini, akapima uwezekano wa kukamatwa, akaegesha barabarani. Mwaka 1968 akaandika makala ya kuonyesha kwamba mhalifu hana tofauti na yeye siku ile.

Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson wakalipa wazo hilo mwili wa kisosholojia. Walisema uhalifu unahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu anayetaka, kitu kinachotamanika, na mlinzi asiyekuwepo. Kisha wakalirudia fumbo la Wilson na kulijibu bila kutaja maadili ya mtu yeyote. Baada ya vita vikuu vya pili, wanawake wengi zaidi waliingia kazini na vyuoni, nyumba zikabaki tupu mchana. Wakati huohuo vitu vikawa vyepesi. Walipekua katalogi za maduka na kukuta kwamba televisheni nyepesi kuliko zote mwaka 1960 ilikuwa na uzito wa kilo kama 17. Mwaka 1970 ilikuwa kilo kama 7. Mwizi wa 1960 alihitaji mwenzake wa kumsaidia kubeba, wa 1970 aliondoka peke yake. Utajiri uleule uliotarajiwa kupunguza wizi ndio uliozalisha vya kuibwa, na nyumba zisizo na watu ndani. Mimi naliona hili kuwa jibu zuri kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwa fumbo la miaka ya 1960, na halimlaumu mama mfanyakazi; linasema tu nyumba haikuwa na mtu.

Ronald Clarke, aliyekuwa mtafiti wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, aliligeuza kuwa kazi ya vitendo. Mfano wa kukumbukwa unatoka Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 ilianza kutoza faini ya papo hapo kwa mwendesha pikipiki asiye na kofia ngumu. Lengo lilikuwa ajali. Kumbe mwizi wa pikipiki mara nyingi hupita tu, anaiona, anaitamani, na hana kofia mkononi. Akiipanda bila kofia anasimamishwa kwenye kona ya kwanza. Wizi wa pikipiki uliporomoka kutoka takriban 150,000 mwaka 1980 hadi kama 54,000 mwaka 1986, na wezi hawakuhamia kwenye magari na baiskeli kwa kiwango cha kufidia. Hakuna aliyefundishwa maadili, wala hakuna aliyeongezewa kifungo.

Je, huu nao ni uhafidhina? Wanaoandika vitabu vya kiada huuweka humo, kwa sababu hauulizi kwa nini mtu anatamani, unamchukulia kuwa atatamani siku zote. Wakosoaji husema ndiyo njia ya kujenga miji ya mageti na kamera ambamo mwenye fedha analindwa na asiye nazo anasukumiwa wezi. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo ulinzi unanunuliwa. Pale ambapo ni kufuli la usukani lililowekwa kiwandani kwenye kila gari, haina.

Katikati ya maelezo haya mawili ndipo ilipokaa ile nadharia maarufu ya madirisha yaliyovunjika, na ndiyo maana kila mtu anaitumia anavyotaka. Wilson na George Kelling waliiandika katika jarida la The Atlantic, Machi 1982. Dirisha moja likivunjika na lisitengenezwe, walisema, linatangaza kwamba hapa hakuna anayejali, na mengine yatafuata. Watu waungwana hujifungia ndani, mtaa unabaki mikononi mwa wakorofi. Walitumia jaribio la 1969 la mwanasaikolojia Philip Zimbardo, aliyeacha gari lisilo na namba huko Bronx, New York, na jingine Palo Alto, mji wa wenye nazo huko California. La Bronx lilianza kunyofolewa ndani ya dakika 10, na wa kwanza kufika walikuwa baba, mama na mtoto wao. La Palo Alto lilikaa zaidi ya wiki bila kuguswa, mpaka Zimbardo mwenyewe alipolipiga nyundo. Wapita njia wakajiunga.

Ushahidi mkuu wa makala, hata hivyo, ulikuwa doria za miguu za Newark, New Jersey. Na hapa, mwanangu, nenda ukaisome makala yenyewe. Aya za mwanzo kabisa zinakiri kwamba doria zile hazikupunguza uhalifu. Zilichofanya ni kuwafanya wakazi wajisikie salama na waiamini polisi. Wilson na Kelling walidai kwamba kujisikia salama nako ni kitu, kwa sababu anayejisikia salama anatoka nje, na anayetoka nje ni mlinzi. Hoja nzuri, lakini ni dhana iliyotandazwa juu ya utafiti ambao wenyewe haukuithibitisha.

Baadaye watu waliipima. Huko Groningen, Uholanzi, watafiti waliacha bahasha yenye noti ya euro 5 ikichungulia kwenye sanduku la posta. Sanduku likiwa safi, asilimia 13 ya wapita njia waliiba. Lilipochorwachorwa, asilimia 27. Kwa hiyo uchafu unamshawishi mtu kufanya kosa dogo. Hilo lilichapishwa 2008 na ni gumu kulikataa. Lakini kutoka bahasha hadi mauaji ni mbali. Robert Sampson na Stephen Raudenbush walizunguka Chicago na gari lenye kamera wakirekodi vipande vya mitaa zaidi ya 20,000, wakachapisha matokeo 1999. Waliona kwamba uchafu hauzai uhalifu mkubwa kwa kiasi kikubwa. Vyote viwili huzaliwa na umaskini uliorundikana mahali pamoja na majirani wasioaminiana kiasi cha kuingilia kati wanapoona jambo baya. Hapo umaskini ambao Wilson aliutoa kupitia mlango wa mbele umerudi kupitia dirishani.

New York sasa. William Bratton aliongoza polisi wa treni za chini ya ardhi kuanzia 1990, akaanza kukamata wanaoruka vizuizi bila kulipa nauli. Kati ya kila 7 waliokamatwa, mmoja alikuwa akitafutwa kwa kosa jingine. Mwaka 1994 meya Rudolph Giuliani alimkabidhi polisi wa jiji zima. Mauaji, yaliyokuwa 2,245 mwaka 1990, yakawa 633 mwaka 1998. Ukiziweka namba hizi mbili peke yake, kesi imekwisha.

Ongeza zilizobaki. Mteremko ulianza kabla ya Giuliani, chini ya meya David Dinkins, ambaye ndiye aliyepitisha mpango wa kuajiri maelfu ya askari wapya. Biashara ya kokeini ya kuvuta, iliyokuwa ikiwaua vijana kwa kugombea vijiwe, ilikuwa ikififia. San Diego, iliyochagua polisi wa kushirikiana na wakazi badala ya kamatakamata, ilishuka karibu sawa. Hata Kanada ilishuka, na Kanada haikuwa na Giuliani. Bratton pia alianzisha vikao vya kila wiki ambapo wakuu wa vituo walihojiwa mbele ya ramani ya uhalifu, na kulikuwa na sababu nzuri ya kutazama ramani: utafiti wa Lawrence Sherman huko Minneapolis, 1989, ulionyesha kwamba takriban nusu ya simu zote za kuita polisi zilitoka kwenye asilimia 3 tu ya anwani. Ukinilazimisha nichague kilichosaidia New York katika vyote polisi walivyofanya, nachagua ramani kabla ya dirisha.

Kuna pia jaribio ambalo jiji lilijifanyia bila kukusudia. Kusimamisha na kupekua watu barabarani kulipanda hadi mara 685,000 hivi mwaka 2011, wengi wao weusi na Walatino, na karibu 9 kati ya 10 hawakukutwa na kosa. Agosti 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba polisi walikuwa wakilitekeleza zoezi hilo kinyume cha katiba. Mwaka 2015 waliosimamishwa walikuwa kama 22,000. Viongozi wengi walitabiri damu. Mauaji yalikuwa 515 mwaka 2011, yakawa 352 mwaka 2015, na 292 mwaka 2017. Kelling mwenyewe, niongeze kwa haki yake, hakupenda jina la kutovumilia kabisa (zero tolerance), yaani kukamata kila kosa hata liwe dogo. Alisema alichotaka ni askari anayeujua mtaa na kutumia busara. Lakini nadharia ikishaingia kituoni haimuulizi mwandishi wake. Mwaka 2014 mtu aliyeshukiwa kuuza sigara moja moja pembeni ya barabara huko Staten Island alikabwa na askari, akafa.

Jela nitaipitia upesi kwa sababu hoja umeshaiona. Wilson alipoitetea jela mwaka 1975 alisisitiza uhakika kuliko ukali: kila anayepatikana na kosa kubwa akae ndani, hata kwa muda mfupi. Wazo ni la zamani, Mwitaliano Cesare Beccaria alilisema 1764, na tafiti za baadaye zinalikubali: anayefikiria kuiba anajali kama atakamatwa kuliko kama kifungo ni miaka 5 au 15. Siasa ilichukua ukali ikaacha uhakika. California ilipitisha mwaka 1994 sheria ya makosa matatu, ya kumfunga muda mrefu mno anayerudia kosa mara ya tatu, na mtu mwenye makosa ya nyuma aliyeiba vijiti vitatu vya gofu akahukumiwa miaka 25 hadi maisha; Mahakama ya Juu ya Marekani iliibariki hukumu hiyo mwaka 2003 kwa kura 5 kwa 4. Wapiga kura wenyewe waliilegeza sheria mwaka 2012. Kufika mwishoni mwa miaka ya 2000 Marekani ilikuwa na zaidi ya watu milioni 2.2 nyuma ya nondo. Jela ile kubwa ilipunguza uhalifu kiasi fulani, kwa sababu aliye ndani haibi nje, lakini kila aliyeongezwa alikuwa na hatari ndogo kuliko aliyemtangulia, na wengi walizeekea humo wakipita umri wa kuiba. Sisi wenyewe unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na unyang'anyi haujaisha. Ukitaka kuuelewa, tazama ni kesi ngapi zinazofika hukumuni, usitazame miaka.

Usisahau kutaja kwamba mrengo wa kushoto nao ulijifunza kitu hapa. Mwaka 1984 John Lea na Jock Young waliwaambia wenzao wa London waache kuuchukulia uhalifu kama hofu iliyopikwa na magazeti, maana anayeibiwa zaidi ni maskini, na anaibiwa na maskini mwenzake. Sentensi hiyo isingeandikwa bila kelele za Wilson.

Nimalizie na mjomba wako, ambaye nadharia anayo, hajaipa jina tu. Kukamata wazururaji hakukuanza na Wilson. England ilitunga sheria yake mwaka 1824, wakoloni wakaileta katika kanuni za adhabu za makoloni yao, nasi tukaibakiza. Mwaka 1983 tukaongeza sheria yetu ya nguvu kazi, na watu wa Dar es Salaam wakapandishwa malori kupelekwa vijijini. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake ya umaskini badala ya tendo lake. Wilson na Kelling waliiona hatari hiyo. Katika makala ileile waliuliza polisi watazuiwaje wasiwe chombo cha chuki za mtaa, wakakiri kwamba hawana jibu la kuridhisha.

Kwa hiyo usibishane naye, mhoji. Ni chanzo kizuri kwa kazi yako na utamtaja bila jina. Muulize walikuwa wakizunguka kwa miguu au kwa gari. Muulize waliokamatwa walirudi mtaani baada ya siku ngapi, na wakirudi utulivu uliendelea au ulikatika. Kama uliendelea hata baada ya kurudi, basi kilichotuliza mtaa ni askari anayeonekana na kujulikana kwa sura, kama Newark. Kama ulikatika waliporudi, basi ni kule kuwatoa watu mtaani, na hapo itabidi umuulize walikuwa wamefanya nini.